Gazeti letu la muziki limepata jina

Jana usiku tumekubaliana: linaitwa Kibwagizo. Tulibishana wiki mbili nzima. Wengine walitaka Mrindimo, na kweli ni neno tamu, lakini linaelemea kwenye ngoma, na sisi tunaandika pia juu ya ala za nyuzi kama udi, kanuni na fidla. Kibwagizo ndicho hata asiyejua beti anaitikia. Dada mmoja alilitamka mara tatu kwa sauti, chumba kizima kikanyamaza. Basi, likapita.

Kazi ikawa kurasa. Tulikuwa tumepanga 18, kumbe haiwezekani! Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inatoa kurasa 4, kwa hiyo ni 16 au 20. Tukachukua 16, yaani karatasi 4 tu, maana fotokopi ni pesa. Nilikunja karatasi tupu, nikaandika namba kwa penseli, kisha nikazifungua: ukurasa wa 1 umekaa ubavuni mwa wa 16, wa 2 na wa 15. Nilifurahi kama mtoto.

Kurasa za 8 na 9 zinakaa kwenye karatasi moja, pale pini zinapopita. Hapo nimemweka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyetoka Fumba, Unguja, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Hastahili kubanwa pembeni. Mwenzangu alipapigania pawe pa ratiba ya matamasha. Nimempa jalada la nyuma, karidhika.

Bado ukurasa wa 5 uko wazi. Mwenye shairi la kuimbika, anitumie kabla ya Ijumaa jamani.