Mizani tupu

Jumapili, saa nne usiku, Uyole, Mbeya. Baridi ya Julai imeshika, nimejifunika blanketi, laptopu iko mapajani. Wiki tatu nilikuwa natafuta kosa moja kwenye programu yangu ya kukadiria miti ya nasaba kwa njia ya Bayes, yaani kuanza na dhana fulani kisha kuzirekebisha kwa ushahidi wa data. Leo nimelipata.

Programu hii nilianza kuiandika kwa ajili ya kipunji, kima wa misitu ya milimani. Bibi yangu wa Rungwe alikuwa akimtaja nikiwa mtoto, maana wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kabla ya watafiti kumwona mwaka 2003 na kumtangaza 2005. Baadaye mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima. Vinasaba vyake vikaonyesha kuwa yuko karibu na nyani, wala si mangabe (kima wa aina nyingine) kama ilivyodhaniwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Jenasi mpya ya kima wa Afrika haikuwa imepatikana tangu 1923! Nilipojua kwamba swali la huyu ni ndugu wa nani linajibiwa kwa hesabu, nikataka kuijenga hesabu hiyo kwa mikono yangu. Programu za kazi hiyo, BEAST na MrBayes, zipo na ni imara, lakini nilitaka kuelewa kinachotokea ndani.

Spishi 10 tu zinaweza kupangwa katika miti 34,459,425 yenye mzizi. Programu haiikagui yote, inatembea. Inasimama kwenye mti mmoja na kupendekeza badiliko dogo. Mti mpya ukiwa na uzito zaidi, yaani ukilingana vizuri zaidi na data na dhana za mwanzo, inahamia, ukiwa na uzito pungufu inahamia mara mojamoja. Ikitembea vya kutosha, muda inaokaa kwenye kila mti ndio unaokuambia uwezekano wa mti huo. Njia hii ni ya Metropolis na wenzake, 1953. Mwaka 1970 Hastings aliongeza sahihisho la pale ambapo uwezekano wa kupendekeza badiliko na wa kupendekeza kulirudisha si sawa, na hapo ndipo nilipokosea.

Jana nilikuwa sokoni Mwanjelwa namsaidia mama kuuza mchele wa Kyela. Kabla ya mteja wa kwanza aliinama akaitazama mizani ikiwa tupu, akazungusha skrubu mpaka mshale ukarudi kwenye sifuri.

“Ilikuwa inakula robo,” akasema.

“Mama, robo si kitu kwenye gunia.”

“Ndiyo maana naitazama ikiwa tupu, mwanangu. Ukishaweka mchele huioni hiyo robo.”

Nikabaki nimeshika kopo la kupimia. Wiki zote hizo nilikuwa naikagua programu ikiwa imejaa vinasaba.

Niliporudi nyumbani niliiendesha bila data yoyote. Ikiwa haina ushahidi, inapaswa kukurudishia dhana ulizoipa mwanzoni, bila kuongeza wala kupunguza. Yangu ilitoa miti mifupi mno. Nikafuatilia hatua moja moja mpaka nikaikuta ile inayorefusha au kufupisha mti mzima kwa kuzidisha umri wa vifundo vyote (pale matawi yanapogawanyika) kwa namba moja. Spishi 10 zina vifundo 9 vya ndani, kwa hiyo sahihisho la Hastings lilitakiwa kuwa namba hiyo kwa kipeo cha 9. Mimi niliizidisha namba hiyo mara moja tu.

Kinachoniuma ni kwamba kwa data halisi jibu lilipendeza. Kipunji alikaa kando ya nyani, kama ilivyochapishwa. Ila umri wa matawi ulikuwa umepunguzwa, na nilikuwa tayari kumtumia mwenzangu grafu ile. (Hata mti sahihi wa jeni moja haumalizi habari ya kipunji. DNA ya mitokondria ya wale wa Rungwe inafanana na ya nyani wa manjano, ya wale wa Udzungwa haifanani hivyo, na inaelezwa kuwa zamani wale wa Rungwe walizaliana na nyani.)

Nimerekebisha. Bila data, mstari wa dhana nilizoipa na mstari wa matokeo yake sasa inalaliana kwenye grafu.

Usiku huu natengeneza miti 100 ambayo umri wake naujua, kisha naificha na kuiachia programu ikisie. Kila mti inautolea umri wa chini na wa juu kwa uhakika wa asilimia 95, na umri wa kweli unapaswa kuangukia katikati yake kwenye miti kama 95. Umeme unakatika mara kwa mara huku kwetu, kwa hiyo nimeiagiza ihifadhi kazi yake kila dakika tano. Imefika mti wa 12.