Mwanao Atakapokuuliza

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii swali la msichana mmoja limeninyima usingizi. Tulikuwa katika ushirika wa nyumbani hapa Manyatta, Kisumu, wazee na akina mama kama kawaida, pamoja na vijana wachache waliofunga chuo. Mzee wetu mmoja alifundisha juu ya mwenendo wa vijana: mavazi, simu, marafiki, kutembea usiku. Alipomaliza, msichana huyo akainua mkono, akauliza kwa adabu kabisa, "Baba, haya nimeyasikia tangu nikiwa mdogo. Nilitaka tu kujua, wewe mwenyewe Yesu alikufanyia nini?"

Watu wakanyamaza. Mzee akasema vijana wa siku hizi wamezidisha maswali na heshima imepungua. Mama mmoja akaanzisha wimbo. Yule msichana akafunga Biblia yake, akaitia mkobani na kuvuta zipu polepole mpaka mwisho. Chai ilipoletwa hakuigusa.

Mzee wetu ni mtu wa maombi, na sitakubali mtu amseme vibaya. Ninachojua ni kwamba ushuhuda anao, tena mkubwa, kwa sababu mkewe aliwahi kunisimulia huku machozi yakimtoka. Hilo ndilo linaloniuma. Jibu alikuwa nalo pale pale kwenye kiti.

Sasa fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Tunaipenda sana ile sehemu ya kuwafundisha watoto kwa bidii, uketipo nyumbani na utembeapo njiani. Kila mwaka Jumapili ya watoto inasomwa, halafu tunaishia hapo. Shukeni mpaka mstari wa 20. Mungu anasema mwanao *atakapokuuliza*. Hakusema akithubutu kuuliza, wala hakusema akikosa adabu. Swali la mtoto lilikuwa limeshatengewa nafasi kabla huyo mtoto hajazaliwa. Kwenye Pasaka ni vivyo hivyo, Kutoka 12:26. Kwenye yale mawe kumi na mawili yaliyotolewa Yordani ni vivyo hivyo, Yoshua 4. Baba wa Israeli alitegemea kuulizwa, na mezani pake, mbele ya mwana-kondoo na mboga chungu, kulikuwa na vitu vya kumfanya mtoto aulize.

Tena angalieni mtoto wa mstari wa 20 anauliza nini. Anauliza habari za amri. Za nini sheria zote hizi? Ni swali la binti yetu kabisa. Na baba anaagizwa amjibu vipi? Haambiwi azisome zile amri upya kwa sauti kubwa zaidi. Anaambiwa aseme, "Tulikuwa watumwa wa Farao." Hapo ndipo jibu linapoanzia, utumwani. Ndipo lifuate la Bwana aliyetutoa kwa mkono wa nguvu, kisha nchi, na amri zije mwisho zikiwa na maana. Sisi tumewapa watoto mwisho wa habari bila mwanzo wake. Tumewapa amri za Kanaani, na Misri tumeificha.

Ndiyo maana Waamuzi 2:10 inanitisha. Kikainuka kizazi kingine ambacho hakikumjua Bwana, wala kazi aliyowatendea Israeli. Hao hawakuwa wageni. Walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliovuka Yordani kwa miguu mikavu. Na yale mawe Yoshua alikuwa ameyasimamisha Gilgali ili yaulizwe. Jiwe haliwezi kujisimulia, wapendwa. Kanisa la matofali haliwezi, wala vazi la kwaya, wala cheti cha kipaimara kilichotundikwa sebuleni.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Wakenya watatu katika kila wanne wana umri wa chini ya miaka 35. Sensa hiyo hiyo ilihesabu watu zaidi ya 700,000 waliosema hawana dini yoyote. Baadhi ya hao hawakutoka mbali. Wamelelewa katika nyumba ambazo watu wanaomba kabla ya kula.

Na imani hii huku kwetu magharibi haikuenea kwa wazee peke yao. Wamisionari wa Friends, wale Wakweka, walifika Kaimosi mwaka wa 1902, na shule ya Maseno ikaanzishwa na CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, mwaka wa 1906. Walioichukua Injili na kuipeleka bomani kwa babu zetu mara nyingi walikuwa wavulana waliojifunza kusoma juzi tu. Walirudi nyumbani, wakaketi na watu chini ya mti, wakasimulia waliyoyapokea. Bibi yangu aliamini kwa mvulana wa namna hiyo. Kwa hiyo mtu asiniambie kijana hawezi kubeba mambo ya Mungu. Yeye ndiye aliyetuletea.

Wengine wanasema dawa ni kununua vyombo vya muziki, taa na spika kubwa, na mhubiri anayejua Sheng. Sina ubishi na vyombo. Nunueni. Lakini vijana wetu muziki wanao simuni usiku kucha, na hawaji kwetu kwa kuukosa.

Kuna jambo moja lazima niliseme, hata kama litawaudhi baadhi ya wachungaji wetu. Juni 2024, wakati vijana walipojaa barabarani kupinga kodi za Mswada wa Fedha, hapa Kisumu, Nakuru, Kakamega, kote, walitutazama pia sisi kanisani. Waliuliza kwa nini mwanasiasa anapewa kipaza sauti baada ya kutoa bahasha ya pesa. Tuliwaita wakaidi. Lakini Septemba 2021 kule Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alikuwa ameshawanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia, na mbele yake walikuwa wameketi wakubwa. Na Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Kanisa Katoliki, ambaye kabla ya kwenda Nairobi alikuwa wetu hapa Kisumu, aliagiza pesa za wanasiasa zilizotolewa katika kanisa la Soweto, Nairobi, zirudishwe. Kwa hiyo inawezekana. Wachungaji, kijana akiona madhabahu inauzwa Jumapili asubuhi, ushuhuda wako wa Jumapili jioni hatausikiliza, hata uwe wa kweli namna gani. Rudisheni bahasha. Paa la kanisa litangoja.

Narudi kwenye Misri. Nitawasimulia yangu, kwa sababu siwezi kuwahimiza kitu ambacho nimekikalia mwenyewe.

Wengi wenu mnanijua kama mama wa maombi na cherehani. Mwaka wa 2007 tulikuwa tunaishi Nakuru, mtaa wa Kaptembwo, mimi nikishona sare za shule. Uchaguzi ulipoharibika, vita vilitufikia mwishoni mwa Januari 2008. Tulitoka usiku na watoto na nguo tulizovaa. Nyumba ilichomwa. Tulisafirishwa mpaka Kisumu kwa lori, na njia nzima sikulia. Nilikuwa najaza moyo wangu kitu kingine. Katika nchi hii watu zaidi ya 1,100 walikufa majira yale, na kila upande ulikuwa na maiti zake, lakini mimi nilihesabu za upande mmoja tu.

Februari 28, viongozi walipotia sahihi mkataba mbele ya Kofi Annan, watu mtaani walishangilia. Mimi nilikaa ndani. Niliendelea kwenda kanisani kila Jumapili, lakini tukifika kwenye Sala ya Bwana, pale "utusamehe makosa yetu, kama sisi tunavyowasamehe," mdomo wangu ulikuwa unafunga. Wenzangu wakisema, mimi nangoja mpaka wafike "usitutie majaribuni," ndipo naingia tena. Hakuna aliyejua. Nilikuwa nimeokoka, nahudumu, naongoza maombi ya akina mama, na nilikuwa mtumwa. Farao wangu alikuwa chuki.

Siku moja simu ikalia. Alikuwa Shosho, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, mama mzee aliyekuwa jirani yetu Kaptembwo, wa kabila lile nililokuwa nimelifungia moyo. Akasema, "Mama, cherehani yako iko kwangu. Njoo uichukue." Kabla moto haujafika kwetu, yeye na mjukuu wake walikuwa wameivuta nje kupitia mlango wa nyuma. Alikuwa ameificha chini ya kitanda, ameifunika blanketi. Nilipokwenda kuichukua, nikaambiwa jambo ambalo hakuligusia kwenye simu: mwanawe alikuwa ameuawa upande wa Eldoret, na watu wa upande tuliokuwa tukiuhesabu kuwa wetu katika ule uchaguzi. Alikuwa amekaa na kifo cha mwanawe juu ya kitanda kile, na cherehani yangu chini yake, na kila jioni anaipangusa vumbi.

Akanipikia chai. Akaniambia tuombe kabla sijaondoka, akaanza Sala ya Bwana. Tulipofika pale pangu akanishika mkono. Nikasema yale maneno. Niliyasema nikilia mpaka shingo ikauma, lakini yalitoka, na tangu siku ile yamekuwa yakitoka.

Watoto wangu wakubwa walikuwa lorini, lakini cherehani walijua tu kwamba ilirudi. Kitinda mimba, aliyezaliwa baadaye, hakujua lolote. Alhamisi jioni niliwaita wote sebuleni, nikamwalika na yule binti wa ushirika, nikawasimulia kama nilivyowaandikia hapa. Simu zao zilikuwa mezani, na hakuna aliyeigusa. Kitinda mimba aliuliza, "Na aliyechoma nyumba ulimsamehe?" Nikamwambia simjui jina, ila siku ninapokumbuka moshi huwa namtaja kwa Mungu hivyo hivyo, "yule aliyeshika kiberiti," na kuna siku ni vigumu. Binti naye akauliza kama Mungu aliyeokoa cherehani hakuweza kumwokoa mtoto wa Shosho. Nilimwambia swali hilo nimelibeba miaka mingi na sina jibu la kumpa, ila Shosho alikuwa na haki ya kuliuliza kuliko sisi wote, na yeye alikufa akimwamini Yesu. Tukakaa mpaka saa tano usiku. Walipoinuka, maswali yalikuwa mengi kuliko tulipoketi, na tukapanga kukutana tena.

Wapendwa wangu, kila mmoja wenu anayo Misri. Nawasihi kwa upendo, waambieni watoto. Baba, wewe uliyeachishwa chang'aa na Mungu na mwanao anakujua tu kama mzee wa kanisa mwenye koti, mwambie. Amezungukwa na chupa huko chuoni, na mtu pekee anayejua njia ya kutoka anakaa naye meza moja akimkataza tu. Mama, wewe uliyekataa kurithiwa ukafukuzwa na wanao wachanga, mwambie binti yako ulilala wapi usiku ule na nani aliyekufungulia mlango. Wewe uliyetembea kwa waganga ukitafuta mtoto, huyo mtoto sasa ana miaka ishirini na mbili. Mwambie. Wewe ambaye deni lilikufikisha ukingoni mwa ziwa jioni moja ukarudi, huyo kijana wako anayelala mchana na hazungumzi na mtu anahitaji kusikia kilichokurudisha. Usingoje awe mkubwa zaidi. Usimwachie mchungaji wala kasisi wa shule. Paulo alimkumbusha Timotheo imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Majina ya nyumbani hayo.

Msisimulie dhambi kama mtu anayejisifia ushujaa, na yale yanayomhusu mwenzako omba ruhusa yake kwanza. Pia usimalizie kila habari kwa "kwa hiyo na wewe." Simulia, kisha unyamaze umwache aulize. Akiuliza kwa ukali, usikimbilie heshima yako. Bwana wetu njiani kwenda Emau aliwakuta wawili wamekunja nyuso, wamekata tamaa naye mwenyewe, akaanza kwa kuwauliza wanazungumza habari gani. Aliwaacha wamwage yote, hata lile la "sisi tulikuwa tukitumaini," ndipo akafungua Maandiko. Yeye aliyejua kila kitu aliweza kusikiliza, mimi na wewe ni nani tushindwe?

Wengine mmeniandikia kwamba watoto hawako nyumbani, mmoja yuko Nairobi, mwingine Qatar, mwingine hataki kupokea simu. Mtumie sauti. Dakika tano zinatosha, bila mahubiri. Anza na mwaka, mahali mlipokuwa mkiishi, mlikula nini siku hiyo, na nani alikuja mlangoni. Asipojibu wiki hii, usimkumbushe. Wiki ijayo mtumie nyingine.

Na mzee wetu nimempigia leo asubuhi. Amesema atamtafuta yule binti mwenyewe, kabla chuo hakijafunguliwa. Mwombeeni apate maneno.