Harufu ya gesi katika chumba cha mpangaji wangu

Nilikuwa nimekwenda kukagua bomba la maji lililokuwa likivuja nilipopokewa mlangoni na harufu kali ya gesi ya kupikia. Mpangaji wangu, mama wa watoto wawili, alikuwa tayari amenyoosha mkono kuwasha taa ili nione vizuri. Nilimwambia, "Mama, usiguse swichi," kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa sababu cheche ndogo ya swichi inatosha kulipua gesi iliyokwisha kujaa chumbani.

Tuliwatoa watoto kwanza. Mtungi ulikuwa karibu na mlango, kwa hiyo niliweza kuufunga haraka, kisha tukaacha mlango na madirisha wazi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, nayo hutuama sakafuni, hivyo mlango ulio wazi hadi chini husaidia kuliko dirisha la juu peke yake. Umeme sikuukata, kwa kuwa swichi kuu imo ndani ya chumba hichohicho, na simu ya kumwita fundi niliipiga nikiwa nimekwisha kufika uani.

Fundi alipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi kuanzia kwenye regulata. Karibu na kibano cha upande wa jiko, mahali ambapo kabati lilikuwa limeukandamiza mpira hadi ukapasuka, viputo vilianza kutoka kimoja baada ya kingine. Kabati hilo alikuwa amelisogeza mpangaji mwenyewe.

Nilipomuuliza harufu ilianza lini, alijibu kwamba ni siku ya tatu. "Baba, niliogopa utanidai mpira mpya, na kodi yenyewe nilikuwa bado sijaikamilisha." Jibu hilo liliniumiza kuliko hasira yoyote niliyokuwa nayo juu ya kabati, kwa maana mkataba niliouandika mimi mwenyewe ulisema kwamba uharibifu wowote uliosababishwa na mpangaji utalipwa na mpangaji, bila kutofautisha kioo kilichovunjika na gesi inayovuja huku watoto wamelala.

Mpira mpya niliulipia mimi. Haki ya kumdai nilikuwa nayo, lakini niliona kwamba nikimdai, wapangaji wengine wote wangejifunza kunyamaza. Nilikiandika upya kifungu kile: hitilafu ya gesi, umeme au moto ikiripotiwa siku ileile, gharama ni yangu hata kama kosa si langu. Nilipita mlango kwa mlango kukieleza, maana karatasi pekee haimwondolei mtu hofu.

Wiki mbili baadaye kijana wa chumba cha juu alinipigia simu usiku, akiomba radhi kwa kunisumbua, kwamba soketi aliyochomekea pasi na hita kwa pamoja ilikuwa ya moto. Nilimwambia azime swichi kuu asiiguse soketi, nikaondoka nyumbani saa ileile. Plastiki ilikuwa imeanza kugeuka kahawia kuzunguka tundu moja.