Herufi ya Risasi

Lindi, Jumapili usiku.

Katika droo ya meza yangu, ndani ya chumba cha mionzi, zimo herufi mbili za risasi, za kubandika wakati wa kupiga picha ili ionyeshe upande wa mgonjwa: L ya kushoto na R ya kulia. Zimezungushiwa plasta kuukuu, na kingo zake zimelainika kwa kushikwashikwa. Risasi ninayoisema ni madini, si ile ya bunduki, ingawa majuma mawili yaliyopita ilinipiga vilivyo.

Siku hiyo aliletwa kijana wa miaka 19 kutoka upande wa Mtama, akisindikizwa na bibi yake. Alikuwa akikohoa tangu utotoni, kila asubuhi akitoa makohozi mengi, na mafua hayakuwahi kumwacha hata katika miezi ya jua kali. Alikwisha kumaliza dozi ya kifua kikuu ya miezi 6 mara mbili, ilhali makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vimelea. Nauli ya kuja mjini ilipatikana baada ya bibi kulipwa fedha za korosho alizopeleka mnadani kupitia chama cha msingi.

Picha ilipigwa na mwanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo. Eksirei ya kifua husomwa kana kwamba mgonjwa amesimama akikutazama, hivyo kushoto kwake huwa kulia kwa msomaji, na huko ndiko ncha ya moyo huelekea. Katika picha hii ncha ilielekea upande wa pili, na herufi L ilikuwa imekaa mahali pasipo na moyo. Nilimgombeza mwanafunzi wa watu mbele ya muuguzi. "Mwalimu, niliibandika kushoto kwake," alijibu kwa sauti ya chini, nami nikamwambia kwamba mwenye kubandika sawasawa hahitaji kujitetea.

Nilirudia mwenyewe. Mionzi ya eksirei moja ya kifua ni kidogo, lakini kumrudia mgonjwa bila sababu ni jambo tunalokatazwa tangu mwaka wa kwanza wa chuo, na sababu yangu siku ile, nikisema kweli, ilikuwa kiburi tu. Nilimshika kijana bega la kushoto, nikabandika L kwa mkono wangu, nikapiga. Picha ikaja vilevile. Hapo ndipo nilipotazama chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, mahali ambapo ningepaswa kutazama tangu mwanzo: kiputo cha hewa cha tumbo, ambacho kwa kawaida huonekana kushoto, kilikuwa kulia, na kivuli cha ini kilikuwa kimehamia kushoto. Mwanafunzi hakusema neno. Nilimwomba radhi baadaye, tukiwa wawili tu, jambo ambalo nalo halikuwa haki, kwa kuwa nilimgombeza hadharani.

Bibi alikuwa na bahasha ya kaki yenye picha ya zamani, iliyopigwa katika kituo ambacho sitakitaja. Katika picha hiyo moyo ulikuwa kushoto, kama wa watu wote. Herufi yake haikuwa ya risasi. Ilikuwa imeongezwa kwenye kompyuta baada ya picha kupigwa. Mitambo ya kisasa ina kitufe cha kugeuza picha, na mtu fulani, akidhani anasahihisha kosa lake mwenyewe, aliugeuza mwili wa kijana huyu ukawa wa kawaida. Simlaumu sana, maana kidole changu nacho kilikuwa karibu na kitufe hicho. Hata hivyo, ndiyo maana nang'ang'ania herufi ya risasi: hupigwa pamoja na mgonjwa, na picha ikigeuzwa nayo hugeuka, ikakusuta.

Viungo kukaa kinyume, kama taswira ya kwenye kioo, hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 10,000, na wengi wao huishi bila tabu yoyote mpaka siku kidole tumbo kitakapowauma upande wa kushoto na kuwachanganya madaktari. Huyu wetu alikuwa na zaidi ya hapo. Mwaka 1933 daktari Manes Kartagener wa Zürich alieleza hali ya watu wenye mambo matatu kwa pamoja: viungo vilivyo kinyume, mafua sugu, na mirija ya hewa iliyotanuka mapafuni. Sababu ilieleweka baadaye sana, mwaka 1976, Björn Afzelius wa Sweden alipoonyesha kwamba vinyweleo vidogo mno vinavyofagia makamasi katika njia ya hewa havifanyi kazi kwa watu hawa. Linalonishangaza kila ninapolifikiria ni kwamba vinyweleo vya namna hiyohiyo, katika kiinitete, ndivyo husukuma majimaji kuelekea kushoto na kuupa mwili habari ya upande upi ni upi. Visipocheza, upande huamuliwa kwa bahati tu, na ndiyo maana karibu nusu ya wenye tatizo hilo hutoka viungo vikiwa kinyume.

Daktari alimwandikia rufaa ya siti skani, wakasafiri Mtwara, zaidi ya kilomita 100. Alhamisi walirudi na majibu. Mirija ilikuwa mipana, yenye kuta nene zinazokwenda sambamba kama ile reli ya mradi wa karanga wa enzi za ukoloni, iliyong'olewa huku kwetu kusini. Vinyweleo havitibiki, atafundishwa namna ya kutoa makohozi kila siku, na atapewa dawa mapema kila maambukizi yanapoanza. Dozi ya tatu ya kifua kikuu haitakuwepo.

Nilimweleza bibi taratibu, nikimwonyesha kwenye mwanga. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kiganja chake kifuani kwa mjukuu, upande wa kulia, bila kupapasa.

"Nilimlea mimi huyu, mwanangu," aliniambia. "Kila nikimbeba mgongoni, moyo wake ulikuwa unanigonga huku. Nilidhani nimemfunga vibaya. Namfungua, namfunga tena."