Jumapili saa tatu usiku

Jamani hili grupu letu la vitabu la WhatsApp limenirudisha kusoma kweli kweli. Wengine wako Iringa, wengine Singida, mimi niko hapa Dodoma, Nkuhungu, na kila Jumapili saa tatu usiku tunakutana. Sasa hivi tunasoma Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya kitabu cha Abdulrazak Gurnah, ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel.

Nilipofika pale Yusuf, mtoto wa miaka 12 tu, anapoambiwa Aziz, yule mfanyabiashara aliyemchukua kwao, sio ndugu yake kabisa, kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba yake, nikafunga kitabu. Nikatuma voisi ya dakika nne, sauti inatetemeka. Dada wa Singida akajibu, "na mimi nimelia hapohapo."

Halafu babu mmoja wa Mpwapwa akaanza kutueleza misafara ya zamani ya kwenda Tabora ilivyokuwa inakatiza huku Ugogo, watemi wanadai hongo, yaani ushuru wa njia, ndio ipite, na maji yenyewe shida, aisee tukasahau muda mpaka saa sita. Kesho naamka mapema ila sura inayofuata siiachi.