Watiini, tena Waombeeni

Somo la wiki: Waebrania 13:17–19

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mstari wa 17 wa somo letu wengi tunaujua kwa moyo. Husomwa siku mchungaji anapoingizwa kazini, na husomwa pia mgogoro unapoingia kanisani, mara nyingi na kiongozi mwenyewe: "Watiini wenye kuwaongoza, na kuwanyenyekea, maana wao wanakesha kwa ajili ya roho zenu, kama watu watakaotoa hesabu." Baada ya hapo Biblia hufungwa. Lakini mwandishi hakuishia hapo. Neno linalofuata ni "Tuombeeni," kisha anasihi: "Nami nawasihi zaidi sana kufanya hayo, ili nirudishwe kwenu upesi."

Anayesema watiini ndiye huyohuyo anayesema tuombeeni. Naamini tukiitenganisha mistari hii tunaharibu yote miwili: utii unageuka woga, na maombi yanakuwa maneno ya kumalizia ibada.

Waliopelekewa waraka huu walikuwa kanisa lililochoka. Walishanyang'anywa mali zao kwa ajili ya imani (10:34), na baadhi yao walikuwa na desturi ya kuacha kukusanyika (10:25). Viongozi wao wa kwanza yaelekea walikuwa wamekwisha kufa, kwa kuwa mstari wa 7 wa sura hii ya 13 unawataja kama watu wa kukumbukwa, na mwisho wa mwenendo wao unachunguzwa. Sasa wanaambiwa wawatii walio hai. Tunajua sote jinsi ilivyo rahisi kumsifu mchungaji aliyehamishwa au aliyelala katika Bwana, na kumpimia huyu wa sasa kwa kipimo cha yule. Lakini anayekesha kwa ajili yetu usiku wa leo ni huyu.

Na kukesha huko si lugha ya mapambo. Simu inaita saa nane usiku: mama yuko hospitalini na mtoto, anataka mtu wa kuomba naye. Asubuhi kuna mazishi. Mchana mume na mke wasiosemezana wamekaa sebuleni kwake, kila mmoja anatazama upande wake. Jioni kuna kikao cha ujenzi, fedha za bati hazijatimia na wajumbe wamekasirika. Jumapili anasimama madhabahuni, na ibada ikiisha mtu anamwambia mlangoni kwamba mahubiri ya leo yalikuwa baridi. Mwandishi anasema kazi hiyo ifanyike "kwa furaha wala si kwa kuugua, maana isingewafaa ninyi." Mchungaji anayeugua moyoni hawezi kulisha vizuri, na hasara inakuwa yetu.

Sasa tusikilize tunavyoomba katikati ya wiki. Mgonjwa tunamtaja kwa jina na kwa ugonjwa wake. Mtoto wa kidato cha nne tunamtaja pamoja na mtihani wake. Aliye safarini tunamtaja na njia anayopita. Kiongozi wetu anakuja mwishoni kabisa, akiwa amechanganywa na wengine: "na uwakumbuke watumishi wako wote popote walipo." Kisha Amina. Tukishatoka nje na kusimama kwenye kivuli, hapo ndipo jina lake linapotajwa vizuri, tena kwa urefu, pamoja na alichosema na alichovaa mkewe. Hili linaniumiza, na naliandika kwa sababu nalipenda kanisa.

Paulo hakuomba aombewe kwa jumla. Alipowaandikia Warumi, kabla ya kupanda kwenda Yerusalemu, aliwasihi: "jitahidini pamoja nami katika maombi yenu." Akawapa mambo yenyewe (Warumi 15:30–32): aokolewe na wale wasioamini katika Uyahudi, huduma yake ikubaliwe na watakatifu, kisha afike kwao kwa furaha. Huko Yerusalemu alikamatwa, na watu zaidi ya arobaini wakajifunga kwa kiapo wasile wala wasinywe hata wamwue (Matendo 23). Mungu akamwokoa. Rumi alifika kweli, ila akiwa mfungwa, baada ya merikebu kuvunjika. Ndugu wa Rumi waliposikia habari zake wakatoka hadi Soko la Apio kumlaki, na Paulo alipowaona alimshukuru Mungu na kupata moyo (Matendo 28:15). Sidhani kama watu wangetembea mwendo wote ule kumpokea mfungwa wasiyewahi kumbeba katika maombi.

Kule Refidimu pia, Kutoka 17, Yoshua anapigana na Amaleki bondeni na Musa yuko juu ya kilima. Mikono ya Musa ikawa mizito. Biblia haikuona haya kuandika hivyo juu ya mtu aliyeona kijiti kinachowaka moto. Haruni na Huri hawakuanza kujadili kama Musa bado anafaa. Walitafuta jiwe, wakamkalisha, wakamtegemeza mikono, mmoja upande huu na mmoja upande huu, mpaka jua likatua. Huri hana kitabu wala hotuba katika Maandiko, lakini siku ile Israeli ilishinda na mkono wake ukiwa chini ya mkono wa Musa.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa kuwa mstari wa 17 umetumika vibaya mno katika siku zetu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwemo. Wapelelezi walieleza kwamba waumini walihimizwa kufunga mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Utii wa namna hiyo hauko katika Waebrania 13. Kiongozi anayetajwa pale ni mtu atakayetoa hesabu, yaani naye yuko chini ya Bwana, na ana uhitaji kiasi cha kuomba aombewe. Asiyehojiwa na yeyote, asiyetaka mtu alipime neno lake kwa Maandiko kama Waberoya walivyompima Paulo (Matendo 17:11), huyo hajafanana na wale tulioamriwa kuwatii. Petro na mitume walilijibu baraza la Wayahudi lililowakataza kuhubiri kwamba imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Na Petro huyohuyo alipokosea kule Antiokia, Paulo alishindana naye uso kwa uso (Wagalatia 2:11). Hakumsengenya.

Hapo maombi yanafanya kazi ambayo wengi hatuitegemei. Ukimwombea kiongozi wako kila siku kwa jina, huwezi kuendelea kungojea aanguke. Na ukiona kosa lake, unapata ujasiri wa kumwendea na kumwambia, maana umeshazungumza na Mungu juu yake kabla ya kuzungumza na mtu mwingine. Hata kiongozi naye ana sehemu yake. Miriamu alipomnena Musa vibaya na kupigwa ukoma, aliyemlilia Bwana kwa ajili yake alikuwa Musa (Hesabu 12:13). Samweli alikataliwa na watu waliotaka mfalme, naye akawaambia, "hasha! Nisimtende BWANA dhambi kwa kuacha kuwaombea ninyi" (1 Samweli 12:23).

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya Jumapili, mpigie simu au mwendee mchungaji wako, mwinjilisti au mzee wa kanisa wa mtaa wako. Mwulize jambo moja tu: "Nikuombee nini?" Ngoja ajibu. Huenda akanyamaza kidogo, maana wengi hawajawahi kuulizwa. Akisema ni mtoto wake, omba juu ya mtoto wake. Akisema ni uchovu, omba juu ya uchovu, halafu angalia kama kuna zamu ya kutembelea wagonjwa unayoweza kuishika wewe.

Tuombe. Baba yetu, tunakuletea kiongozi uliyetupa, kwa jina lake. Mpe usingizi usiku na neno lako asubuhi. Ilinde nyumba yake. Mwepushe na kupenda fedha na sifa, na asiwe peke yake anapojaribiwa. Utupe sisi moyo wa kusikia anaponena neno lako, na ujasiri wa upendo anapokosea. Katika jina la Yesu Kristo, Mchungaji Mkuu wa kondoo. Amina.