Siku moja maishani mwangu: mtunza picha za vifua, Tanga

Saa 12:30 asubuhi. Natoka Makorora kwa baiskeli, usafiri wa watu wa Tanga, na njiani nasimama kwa mama chapati. Aliwahi kuniuliza kazi yangu, nikamwambia natunza picha za eksirei na utrasaundi za wagonjwa waliokubali kushiriki utafiti wa kifua kikuu. "Kumbe mpiga picha!" Basi, tangu siku hiyo mimi ni mpiga picha, na akina dada pale bandani wanataka niwapige za harusi.

Saa 1:30. Usiku umeme ulikatika, kwa hiyo cha kwanza ni seva. Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani yenye diski mbili zinazobeba vitu vilevile, na ndani yake kuna Orthanc, programu huria ya kupokea na kutunza picha za hospitali, iliyoanzia hospitali ya Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji. Sébastien Jodogne aliitoa kwa umma mwaka 2012. Hatulipi leseni, lakini asije mtu akakwambia ni ya bure kabisa: betri, diski na usingizi wangu vyote vina bei. Naiamuru mashine ya eksirei ibishe hodi kwenye seva. Seva inaitika. Salama.

Saa 3. Simu kutoka chumba cha eksirei.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Picha za asubuhi umezipata?"

Nimezipata, ila mashine inadai zimepigwa Januari mwaka 2000. Betri ya saa yake imechoka. Umeme ukikatika inarudi mwanzo. Kwetu hilo si dogo. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi sita, na sisi tunalinganisha picha ya siku ya kwanza na ya mwezi wa pili na ya mwisho. Tarehe ikiwa ya uongo, ulinganisho wote ni wa uongo. Dada ananisomea tarehe na saa kutoka kwenye daftari lake, mstari kwa mstari, na mimi nasahihisha. Sijaona programu ya kuishinda daftari ya mtu makini.

Kuanzia saa 4 hadi saa 7 ni kuondoa utambulisho, na hapa ndipo mshahara wangu ulipo. Faili la DICOM, mfumo ambao mashine za hospitali zimekuwa zikiuzungumza tangu 1993, halibebi picha tu. Limebeba jina la mgonjwa kwenye sehemu yenye namba 0010,0010, tarehe ya kuzaliwa, hospitali, hata aliyepiga picha. Ukiiamuru Orthanc, inayaondoa hayo kwa kufuata orodha iliyomo kwenye DICOM yenyewe. Ila angalia: inatengeneza nakala mpya, na lile faili lenye jina linabaki palepale. Ndiyo maana tuna seva mbili. Yenye majina, ile ya asubuhi, haina njia ya kutoka nje ya jengo. Ya pili inapokea nakala tu.

Tarehe za kupigwa picha hatuzifuti. Kila mgonjwa ana idadi yake ya siku za kusogezwa nyuma, na picha zake zote husogea sawasawa, ili umbali kati ya picha na picha usibadilike.

Kazi ngumu ni utrasaundi, kwa sababu jina huwa limechomwa ndani ya picha yenyewe na programu hailioni. Juu tunapaka ukanda mweusi. Lakini leo nakuta daktari ameandika jina kwa mkono wake chini kabisa, pembeni ya kipimo cha maji yaliyozunguka pafu. Ukanda usingelifikia. Kwa hiyo naziangalia zote kwa macho, moja moja. Kwenye eksirei nako kuna mtego wa kinyume: ile herufi ya kuonyesha upande wa kulia au kushoto mtu anaweza kuifuta akidhani ni utambulisho. Hiyo usiiguse!

Mchana: wali na samaki, kisha kuswali.

Saa 9. Watafiti wa mbali wanaomba picha zote, na siti skani juu, yaani zile eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande. Kipande kimoja cha siti skani ni kama nusu megabaiti. Vipande 300 ni megabaiti 150 za mgonjwa mmoja. Lakini intaneti ndiyo shida ndogo. Fomu ya ridhaa inasemaje? Kibali cha maadili kinaruhusu? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Bosi anauliza kama tuhamie XNAT, programu ya kutunza picha za utafiti ya Washington University kule St. Louis, Marekani, inayogawa ruhusa kwa kila mradi na kila mtu. Kwa vituo vingi ningekubali. Kwa kituo kimoja chenye mtu mmoja, naona ni mzigo.

Saa 10:30. Daktari anayesoma picha zenye namba badala ya majina ananiita: kwenye moja kuna kivuli asichokipenda. "Huyu ni nani?" Sijui, na sitakiwi kujua, orodha ya namba na majina anayo mratibu, kabatini kwake. Mratibu anaifungua, anampigia nesi wa kituo. Mgonjwa anatakiwa kliniki Jumatatu asubuhi, nauli inatoka kwenye mradi.